Kabureta ya Pikapu Yetu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi, Woodley, Nairobi)



Tumeombwa sisi wa karakana tuseme juu ya kabureta. Pengine wako wanaoshangaa kwamba mkutano wa wafanyakazi unatumia jioni nzima kwa chombo kinachoshikwa kwa mkono mmoja. Lakini habari ya Peugeot 504 yetu mwaijua wote. Ndiyo pikapu inayochukua mizigo ya wake zetu mpaka soko la Toi, na ndiyo inayochukua jeneza mmoja wetu anapofiwa. Injini yake imefunguliwa yote na kujengwa upya: silinda zimechongwa, pistoni na ringi ni mpya, valvu zimesagwa. Gharama ya kazi hiyo inakatwa katika mishahara yetu kila mwezi, na itaendelea kukatwa mpaka mwakani. Fedha zilizobaki zatosha kununua kabureta moja tu. Ile ya zamani imekwisha, mhimili wa kipepeo chake unacheza kama jino la mzee.

Sasa kuna mashauri mawili. Wengine wanataka tununue kabureta ya kadiri ile ile iliyotoka na gari kiwandani. Wengine wamesikia maneno ya muuzaji mmoja wa vipuri, anayetaka kutuuzia kabureta kubwa yenye makoo manne, iliyotolewa katika motakaa ya Kimarekani ya silinda nane. Asema injini mpya yataka pumzi kubwa, na tena hewa ya Nairobi ni nyepesi, basi mdomo na upanuliwe. Maneno haya ni matamu kusikia. Twaomba tuyapime kwa hesabu kabla ya kura.

Kwanza tuelewane juu ya kazi ya kabureta. Si pampu, haisukumi kitu. Pistoni ikishuka hufyonza hewa. Hewa hiyo hupita katika koo jembamba la kabureta, na kwa kuwa njia ni nyembamba hukimbia mbio. Pale inapokimbia, mkandamizo wake hupungua, na petroli iliyo katika bakuli la boya hupanda kupitia tundu la jeti na kuingia katika hewa kama manyunyu. Hewa ikikimbia sana, petroli huvutwa vizuri na kusagika. Ikienda polepole, petroli haivutwi sawasawa, hutoka kwa matone makubwa.

Wazee wa reli wataelewa upesi. Katika injini za mvuke, kama zile Garratt za namba 59 zilizokuja tangu 1955, ambazo hata leo waweza kuiona moja katika makumbusho ya reli hapa Nairobi, mvuke uliokwisha kufanya kazi ulitolewa kwa mdomo mwembamba chini ya bomba la moshi, nao ukavuta hewa kupita motoni. Mdomo ukipanuliwa kupita kiasi mvuto hufa, moto hulala, na treni haipandi mlima. Hakuna fundi wa mvuke aliyepanua mdomo ule akidhani anaipa injini nguvu. Koo la kabureta lina tabia hiyo hiyo.

Sasa hesabu. Injini yetu ni ya lita 1.8. Kila silinda hufyonza mara moja katika mizunguko miwili. Tukiiendesha mizunguko 5,000 kwa dakika, na sisi hatufiki huko mara nyingi, ingefyonza lita 4,500 kwa dakika kama silinda zingejaa kabisa. Hazijai kabisa. Tuseme sehemu 80 katika 100, basi ni lita 3,600 hivi.

Na ile ya Kimarekani? Wamarekani hupima kabureta kwa futi za ujazo za hewa kwa dakika. Iliyoandikwa 600 hupitisha kama lita 17,000, na iliyoandikwa 750 zaidi ya lita 21,000. Chukueni injini yao kubwa ya mitaani, kama Chevrolet ya lita 7.4 waliyoanza kuiuza 1970. Kwa mizunguko 5,500, ikijaa sehemu 85 katika 100, inafyonza kama lita 17,300. Maana yake hata Mmarekani mwenye lita 7.4 aliyeijenga injini yake upya atosheka na kabureta ya 650 au 700, naye akienda dukani hushawishiwa kununua 850, kwa sababu namba kubwa yapendeza. Ugonjwa huo si wa Nairobi peke yake. Basi sisi wenye lita 3,600 tutaweka nini mdomo wa lita 17,000? Ni kama kumvisha mtoto wa darasa la kwanza koti la mkuu wa stesheni.

Mwaka 1964 Wamarekani walileta katika mashindano ya Safari magari ya Mercury Comet, yenye silinda nane. Ushindi ulichukuliwa na Ford Cortina ya lita 1.5. Hatusemi kwamba kabureta ndizo zilizowaangusha, matope ya mwaka ule yalikuwa na neno lake. Twasema tu kwamba ukubwa haukuwapandisha mlima.

Tuje kwenye neno la hewa nyepesi, kwa maana hapo muuzaji amechanganya kweli na uongo. Ni kweli Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ina uzito pungufu kwa sehemu 15 katika 100 kuliko ya Mombasa. Lakini pistoni hazifyonzi kwa kilo, zafyonza kwa nafasi. Lita 3,600 za Mombasa ni lita 3,600 za Nairobi. Koo lile lile latosha. Nguvu iliyopungua kwa sababu ya urefu wa nchi hairudishwi na mdomo mpana. Injini za dizeli za reli zina mashine ya kupuliza hewa ndani kwa nguvu, ndiyo maana zaweza kuvuta mzigo mpaka Timboroa, zaidi ya mita 2,700. Pikapu yetu haina kitu hicho.

Kinachobadilika kwa ajili ya urefu wa nchi ni jeti, na hapa twaomba msikilize vizuri, kwa kuwa hapa ndipo petroli ya watu wengi wa Nairobi inapopotelea. Uzito wa hewa ukipungua sehemu 15, petroli inayopita katika jeti hupungua sehemu 8 tu hivi. Basi kabureta iliyopangwa kwa usawa wa bahari, ikiletwa hapa, inapika uji mzito: petroli imezidi kwa sehemu 8 au 9 katika 100. Dawa yake ni jeti yenye tundu dogo kidogo. Namba ya jeti za Solex na Weber ni upana wa tundu kwa sehemu za mia za milimita, kwa hiyo iliyoandikwa 135 ni milimita 1.35. Upana ukipunguzwa sehemu 4 katika 100, eneo la tundu limepungua 8. Penye 135, jaribu 130. Jeti ndogo hiyo yanunuliwa kwa fedha kidogo sana ukilinganisha na kabureta ya makoo manne.

Mtu atauliza, petroli ikizidi kidogo kuna hasara gani zaidi ya bei yake? Kwa injini iliyojengwa upya hasara ni kubwa. Petroli isiyoungua huosha mafuta katika kuta za silinda na kushuka chini kuchanganyika na oili. Ringi mpya zataka mafuta na mzigo wa kiasi ili zikae sawa na ukuta. Zikioshwa kwa petroli katika kilomita 1,000 za kwanza, zaharibika kabla hatujamaliza kuzilipia. Kila asubuhi dereva achomoe kijiti cha oili na kukinusa. Kikinuka petroli, gari lisitoke.

Petroli ikipungua mno nayo ni mbaya kwa njia nyingine, injini huchemka na pistoni zaweza kuyeyuka juu. Kwa hiyo gari likitumwa pwani na mzigo mzito, jeti ya Nairobi isiachwe ndani. Hewa ya huko ni nzito, na uji utakuwa mwepesi mno. Jeti ya pwani iwekwe katika kichupa cha dawa ndani ya kisanduku cha gari, na ifungwe kabla ya kushuka.

Shauri letu basi ni Solex ya kadiri ya kiwandani, mpya au iliyotengenezwa sawasawa. Peugeot 504 ziliunganishwa hapa Kenya mpaka 2004, na vipuri vyake bado vyapatikana. Msikubali iliyotobolewa jeti kwa keekee, wala iliyozibuliwa kwa waya. Waya hukwaruza shaba, na tundu lililokwaruzwa halina namba tena. Jeti husafishwa kwa petroli na upepo wa pampu. Shikeni mhimili wa kipepeo mkautikise. Ukicheza, hewa yaingia pembeni bila kupita kooni, na hakuna skrubu itakayotuliza injini hiyo. Hata hivyo mhimili waweza kupona. Wachonga vyuma tunao wenyewe, na kijibweta cha shaba ni kazi ya saa moja.

Kuhusu kuitengeneza, mafundi wengi huanza mwisho. Gari likitetemeka wanashika bisibisi na kuzungusha skrubu za kabureta, kumbe ugonjwa uko kwenye pointi. Pimeni kwanza nafasi za valvu, kisha pointi na plagi, kisha majira ya moto. Kazeni manifoldi, na mnyunyizie maji ya sabuni penye gasketi injini ikinguruma, ili kuona kama hewa yavuja. Wako wanaonyunyiza petroli kwa kazi hii juu ya chuma cha moto. Hao tumewaona na nyusi zilizoungua, na walikuwa na bahati.

Hayo yakiwa sawa, ndipo mpime boya. Petroli katika bakuli ikisimama juu kuliko kipimo cha kitabu, kila jeti itatoa zaidi, nanyi mtabadilisha jeti mpaka jioni bila kufika. Kisha injini ipate moto kamili, choki iwe imefunguka yote. Skrubu ya mchanganyiko izungushwe ndani taratibu mpaka iguse, bila kuikaza, kwa maana ncha yake huharibika, kisha irudishwe nje mzunguko mmoja na nusu. Washeni. Wekeni mwendo wa kusimama kama mizunguko 850 au 900. Zungusheni skrubu ya mchanganyiko ndani mpaka injini ianze kujikwaa, halafu nje mpaka inguruma vizuri kabisa. Mwendo utapanda, ushusheni kwa skrubu ya kipepeo, na mrudie. Mara tatu yatosha. Kazi hii ifanywe nje. Moshi wa gari una gesi isiyo na rangi wala harufu inayoua, na hizi gereji zetu za Woodley zenye mlango mmoja hufungwa upesi mvua inaponyesha. Na petroli isivutwe kwa mdomo kwa mpira. Ikiingia mapafuni hospitali haina la kufanya haraka.

Skrubu za kusimama hazisemi lolote juu ya jeti kubwa. Hiyo hupimwa kwa mzigo. Gari lipandishwe kwa Barabara ya Ngong kutoka Adams Arcade kuelekea Karen, likiwa na magunia, gia ya tatu, kwa mwendo wa kadiri kwa kuwa ringi bado ni mpya. Likikohoa na kuvuta nyuma, petroli ni haba. Likiwa zito na kutoa moshi mweusi, petroli imezidi. Kisha injini izimwe hapo hapo gari likiwa bado lavuta, lisukumwe pembeni, na plagi zitolewe. Nyeusi yenye masizi makavu ni petroli nyingi, nyeupe kabisa ni petroli chache, na rangi ya chai ya maziwa ndiyo tuitakayo. Wazee wajue kwamba petroli ya risasi ilikoma nchini kufikia 2006, na plagi za petroli ya siku hizi ni nyeupe kidogo kuliko mlivyozoea. Msiongeze jeti kwa kutafuta rangi ya zamani.

Kitabu cha gari kitunzwe. Kila petroli inapotiwa, dereva aandike lita na kilomita, na mwekahazina asome kila mwisho wa mwezi mbele ya wanachama. Tukifanya hivyo hakuna muuzaji atakayetuambia gari letu linakula kiasi gani.

Bwana Mwenyekiti, kura ipigwe sasa. Ikiwa shauri la Solex litashinda, wawili wetu wataingia mjini kesho kutwa pamoja na mwekahazina, na kabureta itafungwa Jumamosi saa mbili asubuhi, hapa hapa nje. Waliotaka ile kubwa nao waje, wapande nyuma pamoja na magunia. Tena aliye na spana ndefu ya plagi aje nayo, maana ya kikundi iliazimwa mwezi uliopita na haijarudi.