Mota na Jenereta za Chama: Hesabu Itangulie Manunuzi

Mazungumzo yaliyotayarishwa kusomwa katika vikao vya vyama vya msingi



Wazee walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Vyama vya ushirika vimeishika sana hekima hiyo katika mambo ya fedha na mazao. Kila gunia hupimwa, kila stakabadhi huandikwa, na kabla ya msimu kufunguliwa hutayarishwa makisio ya mapato na matumizi, yakajadiliwa na wanachama wenyewe. Lakini inapofika zamu ya mashine, aghalabu daftari husahauliwa. Mota hununuliwa kwa kuangalia bei, jenereta huchaguliwa kwa maneno ya muuzaji, na kosa hugunduliwa siku ya kwanza ya msimu, wakati wanachama wamekwisha kupanga foleni na mizigo yao.

Madhumuni ya mazungumzo haya ni kuonyesha kuwa mota na jenereta nazo zina makisio yake, na kwamba makisio hayo hayahitaji zaidi ya kalamu, karatasi na subira. Wahandisi huyaita kielelezo. Kukiendesha kielelezo hicho hatua kwa hatua, kabla mashine haijafungwa, huitwa uigaji. Kuisimamia mashine ikiwa kazini ili isitoke katika mpango wake huitwa udhibiti. Majina ni mageni, lakini kazi ni ileile ya mweka hazina anayekisia msimu, akaupitia mwezi kwa mwezi, kisha akarekebisha matumizi mambo yanapobadilika.

ASILI YA MASHINE HIZI

Mwaka 1831 Michael Faraday wa Uingereza alionyesha kuwa sumaku ikisogezwa karibu na waya huzaa umeme ndani ya waya huo. Jenereta zote zimejengwa juu ya jambo hilo moja. Mota ya fezi tatu, iliyo ya kawaida katika vinu na viwanda vya leo, ilipata umbo lake kwa mkono wa Mikhail Dolivo-Dobrowolsky, aliyefanya kazi Ujerumani, mwaka 1889. Miaka miwili baadaye, yaani mwaka 1891, umeme wa fezi tatu ulisafirishwa kutoka Lauffen hadi Frankfurt, umbali wa kilometa 175 hivi, ukaendesha mashine katika maonyesho.

Ndani ya mota hiyo, koili zilizofungwa katika mwili wake hufanya sumaku inayozunguka. Rota, yenye fito za shaba au alumini, huifukuza sumaku hiyo bila kuifikia. Kama ingeifikia, mkondo usingezaliwa tena ndani ya fito zake, na nguvu ya kuzungusha ingekwisha. Kwa umeme wa hezi 50 na mota ya ncha nne, sumaku huzunguka mara 1500 kwa dakika, na rota iliyobeba mzigo kamili huzunguka mara 1450 hivi. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoiwezesha mota kufanya kazi.

Ilikuwa vigumu kuyahesabu mambo haya hadi miaka ya 1890, Charles Proteus Steinmetz alipowafundisha wahandisi wa Marekani njia nyepesi ya hesabu za umeme wa kubadilika. Tangu hapo mota nzima imeweza kuwakilishwa kwenye karatasi kwa vizuizi vichache vya umeme, na tabia yake kujulikana kabla haijaguswa.

KIELELEZO: MAKISIO YA MOTA

Na uchukuliwe mfano wa chama kinachokusudia kufunga kinu cha kusaga mahindi chenye mota ya kilowati 15, mahali ambapo gridi haijafika. Muuzaji anapendekeza jenereta ya dizeli ya kilovoltiampea 30. Je, inatosha?

Kibao cha mota kinaonyesha volti 400, na kwa ufanisi wa kawaida mkondo wake ni ampea 28 hivi. Jenereta ya kilovoltiampea 30 hutoa ampea 43. Mjumbe akiishia hapo atasema kuwa inatosha na ziada inabaki. Wengi huishia hapo.

Lakini mota haianzi kazi ikiwa inazunguka. Mota iliyosimama, ikiunganishwa moja kwa moja na umeme, hudai mkondo ulio mara tano hadi saba ya ule wa kawaida. Kwa mara sita, mota hii hudai ampea 170, yaani karibu mara nne ya uwezo wa jenereta. Kwa lugha ya vizuizi, mota iliyosimama ni kizuizi cha omu 1.36 kwa kila fezi. Jenereta nayo ina kizuizi chake cha ndani. Kwa ukubwa huu, katika mshtuko wa kwanza, kizuizi hicho chaweza kukisiwa kuwa omu 1.07. Volti hugawanyika kati ya vizuizi hivyo viwili, na mota hupata asilimia 56 tu. Volti 400 huanguka hadi 224.

Hapa ndipo ilipo kanuni ambayo kila chama chenye mota hakina budi kuijua. Nguvu ya kuzungusha hupungua kwa mraba wa volti. Volti zikishuka hadi asilimia 56, nguvu hiyo haibaki asilimia 56, bali hubaki asilimia 31. Mota ya mfano huu, kwa volti kamili, yaweza kuanza kwa nyutonimita 148. Kwa jenereta hiyo itaanza kwa 46.

Kinu kitupu kikihitaji nyutonimita 20 kuanza kuzunguka, mota itakiondoa, ingawa polepole. Kinu kilichoachwa na mahindi ndani, kikahitaji nyutonimita 60, hakitaondoka. Mota itavuma ikiwa imesimama, ikivuta ampea 95, zaidi ya mara tatu ya mkondo wake wa kawaida. Kwa kuwa joto la koili hukua kwa mraba wa mkondo, joto litazalishwa zaidi ya mara 11 ya kawaida, na feni ya mota haizunguki kulipunguza. Rilei ya kinga isipokata umeme mapema, koili huungua.

Hesabu hii yote ni ya ukurasa mmoja. Kuifunga upya mota iliyoungua huchukua siku nyingi, tena katikati ya msimu.

UIGAJI: KUUPITIA MSIMU KABLA YA MSIMU

Kielelezo kikisha kuandikwa, huweza kuulizwa maswali. Mathalani, je, mota ikiwashwa kwa swichi ya nyota na pembetatu, ambayo mafundi huiita sta-delta, mambo yatakuwaje? Swichi hiyo hupunguza mkondo wa kuanzia hadi theluthi moja. Volti za jenereta zitashuka hadi 317 tu, na mkondo utakuwa ampea 45 hivi, karibu na uwezo wa jenereta yenyewe. Lakini nguvu ya kuzungusha nayo hugawanywa kwa tatu, ikabaki nyutonimita 31. Basi swichi hiyo huokoa jenereta na taa za jirani, wala haimwokoi mwendeshaji anayewasha kinu kilichojaa. Yafaa jambo hili lieleweke, maana swichi hiyo huuzwa mara nyingi kama dawa ya kila ugonjwa.

Swali la pili ni la muda. Rota, mikanda na nyundo za kinu zina uzito wa kuzunguka, nao huhitaji kusukumwa hadi mwendo kamili. Ukikisiwa kuwa kilo 4 za meta mraba, na ziada ya nguvu ikachukuliwa kuwa haibadiliki, kinu kitupu chenye volti kamili hufika mwendo wake kwa sekunde 5 hivi. Kwa jenereta ya mfano, mota ikiunganishwa moja kwa moja, huchukua sekunde 23. Kwa sta-delta huchukua sekunde 55, na muda wote huo koili zinapata joto.

Kwa kweli nguvu hiyo hubadilika kila wakati. Kirekebisha volti cha jenereta huinua volti, mkondo hupungua mwendo unapokua, na mota hupata nguvu zaidi inapokaribia mwendo wake. Ndiyo sababu uigaji hufanywa hatua kwa hatua. Sekunde hugawanywa katika vipande vidogo. Katika kila kipande huhesabiwa volti, mkondo, nguvu na ongezeko la mwendo, kisha jibu hilo huwa mwanzo wa kipande kinachofuata. Zamani kazi hii ilichosha macho. Leo kompyuta ya ofisi ya chama, kwa programu ya majedwali inayotumika katika hesabu za malipo ya wakulima, huimaliza kwa dakika chache.

Faida kubwa ya uigaji ni kulinganisha njia. Chama cha mfano chaweza kununua jenereta kubwa zaidi, ambayo itakula dizeli zaidi kila siku. Chaweza pia kufunga vinu viwili vyenye mota za kilowati 7.5, vikawashwa kimoja baada ya kingine. Hesabu ileile yaonyesha kuwa mota moja ndogo ikiwashwa peke yake, volti hubaki 287 hivi, na nguvu yake ya kuanzia ni nyutonimita 38. Kinu cha nusu ya ukubwa, hata kikiwa na mahindi ndani, kingehitaji 30. Kitaondoka. Kinu cha pili kiwashwe kitupu, kwa sababu wakati huo jenereta tayari ina mzigo. Tena kimoja kikiharibika, wanachama hawarudi nyumbani na mahindi yao.

UDHIBITI: KUIWEKA MASHINE KATIKA MPANGO

Jenereta yenye ncha nne huzaa hezi 50 inapozunguka mara 1500 kwa dakika. Mzigo ukiongezeka ghafula injini hupungua mwendo, na umeme huharibika. Kazi ya kuurudisha mwendo ni ya gavana, ambayo James Watt aliifunga katika injini za mvuke mwaka 1788. Gavana mzembe huacha mwendo uanguke. Gavana mwenye pupa hupeleka mafuta kupita kiasi, kisha huyakata kupita kiasi, na injini hupanda na kushuka bila kutulia. Mwaka 1868 James Clerk Maxwell alionyesha kwa hesabu ni wakati gani gavana hutulia na ni wakati gani huyumba. Kwa hiyo injini inayoyumba hapana budi kurekebishwa kwa utaratibu, wala isizimwe kwa kufunga gavana kwa waya, kama ilivyo desturi ya mafundi wengine.

Upande wa mota, udhibiti umekua sana. Mwaka 1929 Robert Park wa Marekani alitoa njia ya kuzitazama jenereta kwa mihimili miwili inayozunguka pamoja na rota. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Felix Blaschke wa Ujerumani aliendeleza njia ya kuitawala mota ya kawaida kwa kutenganisha mkondo unaojenga sumaku na ule unaozungusha. Vifaa vya leo vya kubadilisha mwendo wa mota vimetokana na fikra hizo. Kwa pampu za umwagiliaji faida yake ni kubwa, maana nguvu inayohitajiwa na pampu hupungua kwa kipeo cha tatu cha mwendo. Ambapo maji hayainuliwi juu sana, pampu ikipunguzwa hadi asilimia 80 ya mwendo hutumia nusu tu ya nguvu.

Hata hivyo, udhibiti wa kwanza kwa chama kidogo ni wa bei nafuu. Fyuzi ya fezi moja ikikatika, mota iliyobeba mzigo huendelea kuzunguka kwa fezi mbili, na mkondo wake hupanda kwa mara 1.7 hivi. Rilei inayohisi upungufu huo ni kifaa kidogo, nacho chaweza kuokoa mota nzima.

MIPAKA YA HESABU

Kielelezo ni mtumishi wa takwimu zake. Makisio ya mavuno yaliyojengwa juu ya ekari zisizopimwa hayamfai mtu, na hesabu ya mota iliyojengwa juu ya kibao kilichofutika haifai vilevile. Volti zipimwe mwishoni mwa waya, kwenye mota, wala si kwenye jenereta tu. Mkondo upimwe kinu kikiwa na kazi. Tena ikumbukwe kuwa mota za kawaida hutengenezwa kwa kazi ya mahali pasipozidi meta 1000 juu ya usawa wa bahari, penye joto lisilozidi sentigredi 40. Vyama vya kahawa vya miteremko ya Kilimanjaro na vya Mbozi vina mitambo iliyo juu ya kimo hicho, ambako hewa ni nyepesi, mota hupoa kwa shida, na injini ya dizeli hupungukiwa nguvu. Hayo yote yaingizwe katika makisio.

YAPASAYO KUFANYWA NA VYAMA

Yapendekezwa kwamba kila bodi, kabla ya kuidhinisha ununuzi wa mota au jenereta, idai majibu ya maandishi kwa maswali matano. Mota itavuta mkondo kiasi gani inapoanza? Volti zitashuka hadi wapi? Nguvu itakayobaki inatosha kuondoa mzigo gani? Itachukua sekunde ngapi kufika mwendo wake? Ni kifaa gani kitakachoikata umeme ikishindwa kuondoka au ikikosa fezi moja?

Majibu hayo yabandikwe katika daftari la mashine na yasomwe mbele ya wanachama pamoja na bei. Siku mashine inapofungwa, fundi apime mambo yaleyale, na vipimo vyake viandikwe kando ya hesabu. Zikitofautiana sana, malipo ya mwisho yasubiri mpaka sababu ijulikane. Fedha ya chama ni jasho la watu wengi, na aliyepewa dhamana ya kuitumia anadaiwa hesabu yake kabla ya manunuzi kama anavyodaiwa baada yake.