Karatasi Kwanza, Kompyuta Baadaye

Hotuba ya Kamati ya Elimu kwa wanachama, siku ya harambee ya mwaka



Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu, kaka na dada mliotoka Dar es Salaam, Mwanza, Dodoma na kwingineko, pamoja na ndugu mlio nje ya nchi ambao mtayasoma haya katika kijitabu: asanteni kwa kuikumbuka Tabora.

Mwaka huu kamati inaleta ombi jipya. Tunaomba mchango wa kuanzisha vilabu vya ubunifu katika shule zetu, ambamo watoto wa darasa la tano hadi kidato cha pili watajifunza kubuni programu za simu. Swali mlilonalo tumekwisha kulisikia mlangoni: shule hazina madawati ya kutosha, vyoo ni shida, ninyi mnatuletea mambo ya simu? Ni swali la haki na tutalijibu. Ila tuanze kwa kueleza mtoto atafanya nini hasa katika klabu hiyo, maana wengi tukisikia programu tunaona chumba kilichojaa kompyuta.

Njia tutakayoifuata imeenezwa sana na walimu wa Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, na ina hatua tano. Kwanza, mtoto anakwenda kumsikiliza mtu mwenye tatizo. Pili, analitaja tatizo hilo kwa sentensi moja iliyo wazi. Tatu, yeye na wenzake wanatoa mawazo mengi bila kuchekana. Nne, wanachagua wazo moja na kulitengenezea mfano wa awali: wanachora kurasa za simu kwenye vipande vya karatasi, kipande kimoja ukurasa mmoja, pamoja na vitufe vyake. Tano, wanaurudisha mfano huo kwa mwenye tatizo. Yeye anagusa kitufe kilichochorwa, na mtoto anaondoa karatasi ile na kuweka inayofuata, kama ambavyo simu ingefanya. Akikwama, watoto wanaandika amekwama wapi, kisha wanachora upya.

Hadi hapo hakuna hata kompyuta moja iliyowashwa.

Tuchukue mfano wa kwetu. Tuseme watoto wa Sikonge wanataka kumsaidia mrina asali. Mtoto akiachiwa abuni peke yake, atachora soko la asali lenye picha nzuri na bei za Dar es Salaam. Lakini akikaa na mzee mmoja na kumsikiliza, atasikia kwamba mzee hushinda porini siku nyingi, huko mtandao haupatikani, na simu yake ni kitochi. Pengine kinachomuumiza zaidi ni kurina asali halafu mnunuzi asitokee, akaishia kumuuzia mlanguzi wa kwanza kufika. Hapo tatizo limebadilika. Dawa yake inaweza kuwa ujumbe mfupi wa kawaida unaomfikia kabla hajaingia porini. Mtoto aliyejifunza hivyo amejifunza jambo ambalo hata watu wazima wenye ofisi hulisahau: kuuliza kabla ya kujenga.

Wazee wetu waliijua kazi hii. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipitia Unyanyembe, na wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa mafundi wa safari. Njia ile ilipitisha pembe za ndovu na ikapitisha watu waliotiwa utumwani, na hilo hatulifichi. Lakini utazameni mzigo wa mpagazi. Mtumba wa nguo uliviringishwa ukawa kama mto mrefu, ukafungwa pamoja na fimbo zilizozidi urefu wake. Mpagazi alipotaka kupumzika, aliusimamisha kwa fimbo hizo na kuuegemeza kwenye mti, nguo zisiguse tope, naye asilazimike kuinama hadi chini ili aubebe tena. Umbo lile lilitokana na bega la mbebaji. Lingekuwa limebuniwa na mtu asiyewahi kubeba mzigo, lingekuwa vingine.

Tuje karibu zaidi na siku zetu. Mwaka 2017, wasichana watano wa shule ya sekondari ya Kisumu, ng'ambo ya Ziwa Victoria, walibuni programu ya simu waliyoiita i-Cut, ya kuwasaidia wasichana wanaokabiliwa na ukeketaji kuomba msaada na kutoa taarifa. Kabila lao halina mila hiyo. Walianza na rafiki yao wa shule aliyekeketwa, wakaona jinsi maisha yake yalivyoharibika. Kazi yao iliwafikisha California katika mashindano ya Technovation, na mwaka 2019 kikundi chao, The Restorers, kiliingia fainali ya Tuzo ya Sakharov ya Bunge la Ulaya. Hawakuanza na mashine. Walianza na uchungu wa mtu waliyemjua.

Hapa Tanzania tuna mfano mwingine, wa aina tofauti. Takribani watoto 3,000 katika vijiji 170 hivi vya Mkoa wa Tanga walipewa vishikwambi vyenye programu za kujifunza kusoma kwa Kiswahili, katika shindano la dunia lililomalizika mwaka 2019. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15, idadi ya wasiojua kusoma ilipungua kwa nusu. Ni mafanikio makubwa na tunayapongeza. Lakini katika kazi ile watoto wa Tanga walikuwa watumiaji, wabunifu walikuwa wengine. Sisi tunataka mtoto wa Isevya, wa Ng'ambo, wa Urambo na wa Nzega akae pia upande wa pili wa meza.

Sasa turudi kwenye madawati na vyoo. Madawati yana fungu lake katika harambee hii, na hatuombi hata shilingi moja itolewe huko. Kuhusu vyoo, klabu inaweza kuanza na hivyo hivyo. Watoto wawaulize wasichana kwa nini wengine hawaendi chooni siku nzima. Huenda wakagundua kwamba choo kipo, ila komeo la mlango limevunjika, au maji yako mbali. Hapo hakuna haja ya programu ya simu, na mwalimu mzuri atawaambia hivyo. Mtoto anayejua kuliona tatizo lilivyo atausaidia mji wake hata asipogusa kompyuta maishani.

Kwa hiyo ombi letu la mwaka wa kwanza ni dogo. Tunaomba fedha za mafunzo ya walimu wawili kutoka kila shule itakayojiunga. Tunaomba karatasi za manila, kalamu za rangi, mikasi na gundi. Tunaomba nauli ya watoto na mwalimu kwenda kuwasikiliza watu sokoni, shambani na zahanati. Na tunaomba uji, kwa sababu klabu itakutana baada ya vipindi, na mtoto mwenye njaa habuni kitu.

Kompyuta tunazitaka, lakini mwaka wa pili, zipelekwe kwenye vilabu vilivyoonyesha kazi. Zipo programu za bure, kama Scratch na MIT App Inventor, ambazo mtoto huunganisha vipande vya rangi na kupata programu inayofanya kazi. Tunajua mashine ni rahisi kuichangia, maana inaonekana na inapigwa picha. Mafunzo ya mwalimu hayapigwi picha. Lakini mashine bila mwalimu aliyeandaliwa itafungiwa stoo, na vumbi la Tabora mnalijua.

Tunatoa ahadi moja mnayoweza kutudai. Katika mkutano wa mwaka ujao, kila klabu italeta hapa mfano wake wa karatasi, nanyi mtaujaribu kwa vidole vyenu mbele ya watoto waliouchora. Mkikwama, waambieni bila kuwaonea haya; ndivyo watakavyojifunza.

Fomu za ahadi ziko kwa Mweka Hazina. Kutoa ni moyo, si utajiri.