Uzito, Mvutano wa Dunia na Jiwe Linaloanguka

Mizani inayopima sangara katika kisiwa cha Remba, Kaunti ya Homa Bay, hupima uzito, yaani nguvu ambayo dunia hutumia kukivuta kitu, ilhali tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo katika kitu hicho, halibadiliki popote kipelekwapo. Kitu chenye tungamo kubwa huvutwa kwa nguvu zaidi lakini pia ni kigumu zaidi kusukumika, na ndiyo maana vitu vyote, hewa isipovizuia, huongeza kasi kwa kiwango kimoja, hapa duniani takribani mita 9.8 kwa sekunde katika kila sekunde; mwaka 1971 mwanaanga David Scott aliachia nyundo na unyoya mwezini, vikatua pamoja.

Kishindo ni habari nyingine. Katika mashimo ya dhahabu ya Macalder, Kaunti ya Migori, jiwe linalodondoka mita 20 hufika chini kwa kasi ya kilomita 71 hivi kwa saa, liwe la nusu kilo au la kilo 2, ila la kilo 2 hubeba nishati mara 4, nayo humwishia aliye chini. Kofia ngumu husaidia, kwani huusambaza mgongano na kuurefusha muda wake, lakini haitoshi mbele ya jiwe zito. Kwa hiyo mawe yaliyochimbuliwa yawekwe mbali na mdomo wa shimo, na asisimame mtu chini ndoo inapovutwa.