Kutambua Ndege wa Uani Wanapobadili Manyoya



Yeyote anayewawekea ndege mtama, chenga za mchele au papai lililoiva uani amewahi kukutana na ndege asiyefanana na yeyote kitabuni. Kichwa kina mabaka, kifua kina rangi mbili, mkia una unyoya mmoja mrefu. Picha inapigwa, inazungushwa kwa wenzetu, na kila mtu anataja jina lake. Ninachokuja kusema ni kwamba ndege huyo, karibu kila mara, ni yule yule wa kila siku. Ama yuko katikati ya kupukutisha manyoya, ama ni kinda aliyeanza kujitegemea, ama ni jike ambaye hatujapata kumtazama kwa makini kwa sababu macho yetu yote huwa kwa dume.

Fumbwe ndiye anayesumbua zaidi, nami namaanisha yule wa kawaida, Vidua macroura. Msimu wa kuzaliana dume ni mweusi mgongoni, mweupe tumboni, mdomo mwekundu, na manyoya manne ya katikati ya mkia yanauzidi mwili wake kwa urefu. Akishaikalia sahani ya nafaka hakubali mwingine asogee, hata aliyemzidi umbo. Msimu ukipita, weusi wote unapukutika, mkia unarudi mfupi, anabaki na michirizi ya kahawia kama jike. Kati ya hali hizo mbili kuna majuma ambayo huonekana ameokotezwa kutoka kwa ndege watatu. Hapo tazameni mdomo: wa dume haupotezi wekundu mwaka mzima. Lakini msiishie hapo. Mdomo wa jike huwa mweusi wakati wa kuzaliana, na nje ya msimu nao huingia wekundu. Kwa hiyo fumbwe wa kahawia mwenye mdomo mwekundu, katika miezi ya ukame, aandikwe fumbwe tu, bila kutajwa jinsia.

Shomoro wa mjini anatufundisha jambo jingine. Wengi hudhani rangi haibadiliki bila manyoya mapya kuota. Dume wa shomoro huyu ana kidari cheusi kooni, lakini anapomaliza kupukutisha, manyoya mapya ya kooni huwa na ncha zilizopauka zinazoufunika weusi huo. Ncha zinalika kidogo kidogo kwa jua, vumbi na kusuguana, na weusi unajitokeza wenyewe bila unyoya mmoja kuongezeka. Ukiona shomoro mwenye kidari hafifu usimwite mgonjwa, wala usimwite mseto. Na yule shomoro wa kichwa kijivu, ambaye dume na jike wamefanana, hana kidari hicho wakati wowote.

Sasa tuje kwa kwera, ambao wengine tunawaita minana. Hapa ndipo penye kazi. Madume ya aina nyingi huwa ya manjano yenye vichwa vyeusi au nyuso za rangi ya machungwa, kisha nje ya msimu huvaa kijani kilichofifia, wakachanganyika na majike na makinda hadi kundi zima likaonekana la aina moja. Pwani, kuanzia Malindi hadi Dar es Salaam, tuna kwera wa manjano ambao kwa mbali hawatofautiani. Tofauti iko machoni. Ploceus subaureus aliyekomaa ana jicho lenye wekundu mpauko, ilhali Ploceus bojeri ana jicho jeusi. Alama hiyo ni nzuri kwa dume mzima, ila kinda wa subaureus huanza na jicho la kahawia. Bila kujua umri wa ndege, jicho linaweza kukupeleka kwa jina lisilo lake.

Bustani za Nairobi zina mwalimu mzuri zaidi, kwera aitwaye Ploceus baglafecht. Huko mgongo wake ni mweusi, tumbo la manjano, jicho la manjano mpauko. Dume ana paji la uso la manjano na kinyago cheusi kuzunguka macho. Jike ndiye mwenye utosi mweusi wote. Mgeni hudhani kinyume, kwa kuwa amezoea kwamba mwenye weusi mwingi ndiye dume. Tena huyu wa Nairobi hana vazi la nje ya msimu kama binamu zake. Ukisafiri hadi magharibi mwa Uganda au Rwanda, unamkuta wa aina hiyo hiyo akiwa na mgongo wa kijani. Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya rangi ni: tuko wapi?

Kuna pia weupe usiotarajiwa. Ndege aliyekosa rangi nyeusi katika manyoya machache ana jicho la kawaida, na madoa yake meupe huenda yasilingane kushoto na kulia. Zeruzeru kamili ana jicho la waridi, haoni vizuri, na ni nadra kumkuta akiwa mzima. Kwera aliyekosa weusi anaweza kubaki wa manjano, kwa sababu manjano hutokana na kemikali nyingine, inayopatikana katika chakula. Mwanga na chavua navyo hudanganya: chozi ang'aaye kijani juani huwa mweusi tii kivulini, na akitoka kwenye ua lenye chavua nyingi anaonekana ana paji la manjano ambalo si lake.

Haya yana uzito kwa sababu kumbukumbu zetu haziishii daftarini. Mradi wa Kenya Bird Map hukusanya orodha kwa miraba ya dakika 5 kwa 5, yaani takribani kilometa 9 kwa 9, na jina moja lililokisiwa hubaki kwenye ramani likipotosha watu tusiowajua. Napendekeza tuandike kwa mpangilio huu: umbo na unene wa mdomo, ukubwa ukilinganishwa na shomoro, rangi ya jicho, anakula nini na vipi, kisha ndipo manyoya, sehemu kwa sehemu, kuanzia utosini hadi chini ya mkia. Piga picha ya ubavuni, ndege akiwa kivulini penye mwanga wa kutosha, maana jua la saa sita huyapausha manjano yote. Rudi kumtazama ndege huyo huyo baada ya majuma mawili. Manyoya yatakuwa yamesogea na jibu litakuwa limejileta. Kwera wasipotambulika, andika "kwera, aina haikutambuliwa", na idadi yao. Mstari huo una thamani kamili, nami nitaupokea kwa furaha kwenye fomu zenu.