Karatasi ya Dawa
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi wa majani ya chai, Kebirigo)



Twajua ya kuwa wengine wenu mmetoka zamu ya usiku kiwandani. Kwa hiyo hatutawachosha. Sisi tunafanya kazi ya kutoa dawa dirishani, na jambo tulilolileta ni hili: je, mgonjwa apewe dawa pamoja na karatasi yenye maelezo yake, au aambiwe kwa mdomo tu na kwenda zake?

Msidhani ya kuwa sisi wenye kazi hii tuna neno moja. La. Wako wenzetu wasemao karatasi itawatisha watu: mtu akisoma kwamba dawa yaweza kuleta kichefuchefu na kizunguzungu, ataitupa chooni. Wengine wasema foleni ni ndefu, na karatasi na wino vina gharama, nani atalipa? Na wengine huuliza, asiyejua kusoma atafaidika nini? Hoja hizi si za kipuuzi. Lakini ile ya kwanza twaiona dhaifu kuliko zote. Aliyeambiwa mapema kwamba tumbo litamsumbua huvumilia. Asiyeambiwa ndiye hushtuka akaacha dawa.

Tazameni yatendekayo sasa. Dawa nyingi hutufikia katika makopo ya vidonge 1,000. Maelezo, yakiwapo, ni ya herufi ndogo mno, tena kwa Kiingereza cha madaktari. Twahesabu vidonge, twavitia katika bahasha, twaandika "2 x 3". Basi. Mama aipokeaye bahasha afahamu nini? Viwili mara tatu, au vitatu mara mbili? Kwa siku ngapi? Na dawa za kukatwa kwa mkasi ni mbaya zaidi, kwani mara nyingi jina na tarehe ya mwisho hubaki katika kipande kilichobaki dukani.

Tena kuna jambo la saa. Mtu akiandika "8" kwa hesabu ya Kizungu, kwetu ni saa mbili. Msomaji wa Kiswahili ataiona saa nane. Hapo dozi imechelewa kwa saa sita nzima.

Chukueni dawa ya mseto ya malaria, artemetha na lumefantrini, ambayo serikali yetu iliichagua mwaka 2004. Mtu mzima hupewa vidonge 24: vinne kwa mara moja, mara sita, kwa siku 3. Vinne vya pili humezwa baada ya muda wa saa 8, kisha ni asubuhi na jioni. Yafaa kumezwa pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, ndipo mwili uipokee vizuri. Mtu akimeza mara tatu, homa ikashuka, akaweka akiba vilivyobaki, nani amlaumu ikiwa hakupewa neno lolote la kurudia nyumbani? Baadhi ya pakiti za dawa hii zina picha za vidonge na za jua na mwezi. Picha hizo ndizo jibu letu kwa wale waulizao habari za wasiojua kusoma.

Na hili ni letu hasa sisi wa milima ya chai. Mama mjamzito hupewa vidonge vya madini ya chuma vya kuongeza damu. Akivimeza kwa kikombe cha chai, chai huyazuia madini hayo yasiingie mwilini vizuri. Avimeze kwa maji, na chai ingoje saa moja au mbili. Hatusemi watu waache chai, ndugu zangu. Mshahara utatoka wapi? Lakini mstari mmoja tu wa maandishi ungetosha.

Wenzetu walianza zamani. Huko Marekani, tangu mwaka 1970 vidonge vya kupanga uzazi viliamriwa viuzwe pamoja na maelezo ya kusomwa na mwanamke mwenyewe. Ulaya ilitunga sheria yake mwaka 1992. Na kwetu, Katiba ya 2010, kifungu cha 46, yampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu kile alichonunua. Basi hatuombi fadhili.

Hatari moja twaisema waziwazi. Karatasi isiwe kisingizio cha mtoa dawa kunyamaza, wala cha mwajiri kupunguza watu dirishani. Twataka karatasi na mdomo pamoja, na muda wa kueleza uhesabiwe kuwa ni kazi.

Kwa hiyo twaomba chama kilitie jambo hili katika mazungumzo na waajiri wenye zahanati. Ukurasa mmoja kwa kila dawa itolewayo sana, Kiswahili upande huu, Ekegusii upande ule, herufi kubwa. Kabla ya hapo, msiondoke dirishani bila kuandikiwa jina la dawa. Wengi humeza dawa mbili zenye majina mbalimbali, kumbe zote ni parasetamoli.

Wale waandikao Ekegusii vizuri twawaomba wabaki kidogo baada ya mkutano. Maneno ya "kabla ya kula" tumeyaandika kwa namna tatu, na mpaka sasa hatujapatana.