UZI: Nani atalipia mwaka wa kwanza wa kazi?

Wadau, juzi nilialikwa kuzungumza na vijana waliohitimu masomo ya kompyuta pamoja na wazazi wao. Wengi waliomba maandishi, kwa hivyo naweka hotuba yote hapa. Sheria ya ukurasa ni ile ile: hakuna kutaja mwanasiasa, hakuna kutaja chama. Ukianza "lakini yule wenu..." kwenye maoni, nitakupita tu.

1/ Wazazi wetu, hamjambo? Na ninyi vijana, mko poa? Asanteni kwa kuniita. Nitaongea kuhusu kitu kimoja tu: kwa nini mtoto amesomea kompyuta miaka minne, ana cheti, anajua kuandika programu, na huu ni mwaka wa pili anasaga lami.

2/ Redioni, kwenye runinga na huku mitandaoni, mjadala huu huwa na majibu matatu. Wa kwanza anasema: tuchagueni, tutaleta kazi za kidijitali. Wa pili anasema: hawa mahafala hawana ujuzi, vyuo vinawafundisha mambo ya kale. Wa tatu anasema: acheni kungoja kuajiriwa, jiajirini. Watu hupigania majibu haya hadi usiku wa manane. Ukiyasikiliza vizuri, yote matatu yanaruka swali moja. Nani atalipia mwaka wa kwanza?

3/ Niwaeleze. Mmeona matangazo ya kazi. Kichwa kinasema nafasi ni ya anayeanza. Ukishuka chini unakuta: tajriba ya miaka mitatu. Vijana hucheka, hupiga picha, hutuma kwenye magrupu ya WhatsApp. Mimi nimekaa upande ule mwingine wa meza nikisaidia kuhoji waombaji, na nawaambia tangazo hilo halikuandikwa na mjinga. Liliandikwa na mtu aliyepiga hesabu.

4/ Hesabu yenyewe ni hii. Anayeanza hawezi kuachiwa mfumo wa malipo ya wateja siku ya kwanza. Akikosea mstari mmoja, pesa za watu zinapotea. Lazima mkongwe akae naye, asome kila anachoandika, amrekebishe. Kwa miezi kadhaa kampuni inalipa mishahara miwili na kupata kazi isiyofika hata ya mtu mmoja na nusu. Halafu kijana akishaiva, kampuni nyingine inamchukua kwa mshahara wa juu, pengine ya nje inayolipa kwa dola. Aliyefundisha anabaki na hasara.

5/ Sasa kila kampuni inaona afadhali jirani afundishe, yenyewe ije kuchukua aliyeiva. Wote wakifikiria hivyo, hakuna anayefundisha. Ni kama kijiji ambacho kila mtu anangoja mwenzake apande mahindi, halafu msimu wa mavuno wote wanatokea na magunia. Hapo usitafute mtu mmoja mbaya wa kulaumu, hutampata.

6/ Mimi nilipoanza, kulikuwa na dada mmoja mkongwe ofisini aliyesoma kazi yangu kila jioni kwa miezi minane. Roho nzuri alikuwa nayo, lakini pia bosi alikuwa amempunguzia kazi nyingine ili apate muda huo. Muda ule uligharimu pesa, na kuna mtu alizilipa. Waulizeni wote mnaowasifu leo kwa programu zao, watawatajia mtu kama huyo.

7/ Mtaniuliza: mbona waliotangulia walipata? Tukumbuke. M-Pesa ilianza 2007. Nyaya za intaneti za chini ya bahari zilifika Mombasa 2009. iHub ikafunguliwa Nairobi 2010, na pesa za wawekezaji wa nje zikawa zinaingia kwenye kampuni changa. Pesa hizo ndizo zilizolipia mwaka wa kwanza wa wengi wetu, ingawa hakuna aliyeliita hivyo wakati ule.

8/ Mwaka 2022 riba ilipanda Marekani na pesa hizo zikapungua. Kampuni changa hapa kwetu zikapunguza watu, nyingine zikafunga kabisa. Waliofutwa wana tajriba ya miaka mitatu, minne. Hao ndio wanaogombania nafasi ile ile na kijana wako aliyetoka chuoni jana.

9/ Kisha Novemba 2022 ChatGPT ikatoka. Zile kazi ndogo ndogo tulizokuwa tunawapa wageni ili wajifunze, kama kuandika majaribio ya programu au kurekebisha ukurasa wa tovuti, mkongwe sasa anazimaliza kwa akili mnemba kabla ya chai ya saa nne. Ngazi ya chini, ile ambayo kijana alikuwa akipandia, inang'olewa. Na wakongwe wa kesho watatoka wapi kama leo hakuna anayeanza? Hilo nalo hakuna anayelijibu jukwaani.

10/ Sasa tazameni taaluma nyingine. Daktari akimaliza chuo hupelekwa hospitalini kama mwanagenzi kwa mwaka mmoja. Wakili hufanya uanagenzi wa miezi sita chini ya wakili mkongwe. Mhandisi wa barabara, sheria ya mwaka 2011 inamtaka awe na angalau miaka mitatu ya kazi kabla ya kusajiliwa kikamilifu. Nchi ilikubali kwamba kutoka darasani hadi kazini kuna daraja, na daraja lazima lijengwe.

11/ Na kulitunza daraja hilo ni vita. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, na mojawapo ya mambo makuu ilikuwa malipo ya madaktari wanagenzi na kupelekwa kwao kazini. Wana chama cha kuwapigania. Huyu wa kompyuta hana. Akikosa kazi hakuna wadi inayofungwa, hakuna kamera inayokuja. Anakaa tu kwa dada yake Kayole, ananunua bando ya siku, anatuma maombi. Mwanasiasa anaweza kumsahau na asipoteze hata kura moja.

12/ Serikali zetu, ya jana na ya leo, zimejaribu, nampa kila mtu haki yake. Mpango wa Ajira Digital ulianza 2016. Kuna mpango wa DigiTalent chini ya Mamlaka ya ICT, unaochukua mahafala wa teknolojia kama wanagenzi kwa mwaka mmoja. Tume ya Utumishi wa Umma nayo ina wanagenzi wake. DigiTalent hasa ndiyo wazo lenyewe ninalolizungumzia, ila awamu zake ni za mamia ya watu wakati vyuo vinatoa maelfu.

13/ Lakini sikilizeni namba zinazotangazwa jukwaani: tumefunza vijana kadhaa, tumefungua vituo kadhaa, tumesambaza kompyuta kadhaa. Hizo ni namba za mafunzo. Ni mara ngapi mmesikia: waliopata kazi ni hawa, na waliobaki kazini baada ya mwaka ni hawa? Ukimfunza mtu mara ya pili na ya tatu bila kazi, umemwongezea vyeti tu.

14/ Na wale wa "jiajirini"? Ingieni kwenye majukwaa ya kazi za mtandaoni mjionee. Mteja wa London anataka kuona kazi ulizowahi kufanya na maoni ya wateja waliotangulia. Si ni tajriba ile ile, jina tu limebadilika? Wachache hupenya, nawapongeza. Lakini mkopo wa HELB huanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na usipolipa faini ni Sh5,000 kila mwezi. Mtu anayedaiwa hivyo unamwambia aanzishe kampuni kwa mtaji gani?

15/ Wa "hawana ujuzi" wana ukweli wao. Nimehoji wenye shahada wasioweza kuandika programu ya kujumlisha orodha ya bei. Vyuo vina kazi ya kufanya hapo. Lakini nimehoji pia waliokuwa wazuri kabisa, na bado jibu likawa: pole, tunataka aliyewahi kuifanya kazi hii. Kubadilisha mitaala hakutamsaidia huyo wa pili.

16/ Basi tudai nini? Napendekeza mambo matatu. La kwanza, zabuni. Serikali hununua mifumo mingi ya kompyuta. eCitizen peke yake ina huduma zaidi ya 5,000. Sheria tayari inatenga asilimia 30 ya zabuni kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, lakini hiyo inamfaa aliye na kampuni. Tuongeze sharti: ukipewa kandarasi kubwa ya mfumo, uajiri idadi fulani ya wanaoanza, kwa mshahara, kwa mwaka mzima, chini ya mkongwe anayejulikana kwa jina. Gharama iandikwe wazi ndani ya bei ya zabuni.

17/ La pili, ushuru wa mafunzo. Waajiri hutozwa Sh50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi kwa ajili ya NITA, ile mamlaka ya mafunzo ya viwandani, na anayefundisha watu wake anaweza kurejeshewa gharama. Fungu kutoka hapo lisaidie kulipa mshahara wa mwaka wa kwanza wa anayeanza. La tatu, kaunti. Ziko 47, na kila moja ina hospitali, leseni na ofisi za mapato. Mnalijua lile jibu la dirishani: mfumo umelala, rudi kesho. Hapo kuna kazi ya kufanywa na kuna watu wa kuifanya.

18/ Najua mzazi mmoja hapa anawaza: si kampuni zitadanganya? Zingine zitadanganya. Zitachukua wanagenzi, ziwatume chai, ziwaage mwezi wa kumi na mbili. Ndiyo maana nasisitiza mshahara, mkongwe mwenye jina, na ripoti ya waliobaki. Kikikosekana kimoja, msikubali.

19/ Na msiambiwe kwamba sheria hazibadiliki. Mnakumbuka kijana alivyokuwa akitakiwa kulipia vyeti vya kibali chungu nzima, vya polisi, KRA, HELB na vingine, hata kabla ya kuitwa kuhojiwa? Mwaka 2022 Sheria ya Ajira ilibadilishwa, mwajiri sasa anaviomba kwa mtu anayekusudia kumwajiri. Lilikuwa dai dogo, linaeleweka, na lilipita. Katiba nayo, kifungu cha 55, inaitaka serikali ichukue hatua kuhakikisha vijana wanapata ajira. Tusiiombe kama zawadi.

20/ Kwa hivyo mgombea akija hapa mtaani, wa upande wowote, muulizeni mambo matatu. Wangapi wataajiriwa kwa mara ya kwanza, mbali na kufunzwa? Mwaka wao wa kwanza unalipwa na nani, kutoka fungu gani? Na ni lini mtatuonyesha waliobaki kazini? Akianza kuhesabu vituo na kompyuta, mwacheni amalize, halafu rudieni swali la kwanza. Asanteni.

Mwisho wa hotuba. Sasa nawageukia waajiri mlio kwenye ukurasa huu, maana najua mpo: mara ya mwisho kumwajiri mtu asiye na tajriba yoyote ilikuwa lini, na ni nini kilikuzuia tangu hapo? Jibuni kwenye maoni bila kutaja majina. Nitayakusanya majibu, niyaletee uzi wake.