Moshi Mweusi Hautibiwi kwa Plagi

Ndugu msikilizaji, wapo watu wanaonunua dawa ya kikohozi kila wiki, kumbe jiko la nyumbani kwao halina pa kutolea moshi. Leo nataka kuzungumzia mgonjwa wa namna hiyo, ila huyu ana magurudumu manne.

Ni gari la michezo la zamani, Datsun 240Z. Wazee wetu watalikumbuka. Gari la aina hiyo ndilo lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 likiwa mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mfanyabiashara mmoja alilinunua Dar es Salaam, akaja nalo Shinyanga kwa njia ya Dodoma, Singida na Nzega. Alipofika Tinde, gari lilikuwa likitoa moshi mweusi, likinuka petroli na kuzimika kila liliposimama.

Gereji ya kwanza ilimbadilishia plagi zote sita. Baada ya siku chache zikawa nyeusi kama masizi ya sufuria. Wakabadilisha tena. Kisha wakamwuzia koili na nyaya. Moshi ukawa palepale, na mfuko umetoboka.

Hatimaye alipelekwa kwa fundi mzee anayefanyia kazi chini ya mwembe. Mzee hakukimbilia spana, aliuliza kwanza.

"Ng'wanawane, gari hili lilirekebishwa silensa wapi?"

"Dar es Salaam, mzee."

"Na njiani ulivuta choki?"

Mwenye gari akakumbuka. Alilala Singida, asubuhi kulikuwa na baridi, akavuta choki.

Msikilizaji, maswali hayo mawili yalikuwa nusu ya matengenezo. Shinyanga iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya kumi. Kabureta haina akili ya kulijua hilo. Haipunguzi petroli kwa kadiri hewa ilivyopungua, kwa hiyo injini inashibishwa kupita kiasi. Ongeza vumbi letu kwenye chujio la hewa, hali inazidi kuwa mbaya.

Lakini mwinuko na vumbi havikutosha kuleta moshi ule. Gari hilo lina kabureta mbili, na choki yake haifungi hewa. Inashusha jeti ili petroli nyingi ipite. Mzee alichungulia chini akakuta jeti ya kabureta ya nyuma imekwama chini tangu asubuhi ile ya Singida. Akaisafisha, akaupaka waya mafuta, jeti ikarudi juu. Akakung'uta chujio, akahakikisha boya halivuji, ndipo akaigusa nati ya kupunguza petroli.

Injini ilipopata moto, aliinua pistoni ya kabureta kidogo sana, kama unene wa ukucha. Injini ikiongeza kasi na kubaki hapo, petroli bado ni nyingi. Ikitaka kuzima, imepungua mno. Ikipanda kidogo kisha ikatulia, hapo ndipo. Plagi zilezile zilizoitwa mbovu zilisuguliwa kwa brashi zikarudishwa. Hakuna spea hata moja iliyonunuliwa.

Mtasema, gari la mwenye fedha linatuhusu nini sisi? Linatuhusu, kwa sababu kabureta haijatoweka. Ipo kwenye pikipiki nyingi, kwenye jenereta za madukani, na kwenye pampu za petroli zinazovuta maji katika maduara ya wachimbaji wadogo kule Geita.

Na huko tatizo si fedha tu. Injini inayochoma petroli kupita kiasi hutoa kwa wingi gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Uwanjani hupeperushwa na upepo. Shimoni hujikusanya, na mtu huanguka kabla hajajua kilichompata. Anayeshuka kumwokoa naye hufuata.

Kinachowashawishi watu kuteremsha pampu shimoni ni kwamba pampu ya juu haiwezi kuvuta maji kutoka kina kinachozidi mita saba au nane hivi. Huo ni mpaka wa maumbile, si ubovu wa mashine. Dawa yake ni pampu ya umeme inayozamishwa majini, jenereta ikibaki juu, mbali na mdomo wa shimo, mahali ambapo upepo hausukumi moshi kuelekea shimoni. Wala mtu asijidanganye kwamba akishafungiwa kabureta vizuri anaweza kuishusha injini. Iliyo nzima nayo hutoa gesi hiyo.

Basi, mwenye mashine, ukiona moshi mweusi usianze na duka la spea. Anza na chujio, choki na boya. Ukimpata fundi anayeuliza kabla ya kufungua, mlipe haki yake hata kama hakukuuzia kitu. Na mwenye duara, kabla vijana hawajashuka kesho, tazama injini yako iko wapi.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane tena wiki ijayo, panapo majaliwa.